Mkuki wa Nyota Tisa

Saa kumi na dakika ishirini jioni, Jumamosi ya kwanza baada ya masika kukatika, Bwana Mwinuka aliingia kwenye banda lake la video pale Kilosa, akazima televisheni katikati ya mchezo, akatutangazia kwamba atafungua banda la pili Mikumi, kando ya barabara kuu. Alisema anahitaji kijana wa kulisimamia. Atampa chumba cha uani, mshahara wa kila mwezi na chakula, na hatamchagua kwa barua za maombi wala kwa kujuana. "Atakayemaliza gemu hili mbele ya wageni siku ya ufunguzi," alisema, akigonga televisheni kwa ufunguo wa pikapu yake, "funguo za Mikumi ni zake." Kisha akawasha tena, akatoka. Mchezo uliokuwa ukiendelea ulikuwa umepotea, na kijana aliyekuwa ameulipia hakurudishiwa kitu. Hilo peke yake lilitosha kutuonyesha tunashughulika na mtu wa namna gani, lakini tulikuwa na miaka kumi na minane, kumi na tisa, na kazi yenye mshahara ilikuwa imetajwa mbele yetu kwa sauti.

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu mwezi uliopita nilisimama makaburini Mikumi nikasikia maneno mengine. Bwana Mwinuka amefariki akiwa mzee, mwenye nyumba za wageni na maduka, na wasifu wake ulisomwa kwa kipaza sauti. Ulisema kwamba katika miaka ile ya soko huria yeye ndiye aliyewafungulia vijana wa wilaya yetu mlango wa teknolojia, na kwamba alipenda kuinua vipaji na kumpa kila mwenye uwezo nafasi yake. Watu waliitikia kwa kutikisa vichwa. Sikuwa na ugomvi na wafiwa. Nilitoa rambirambi yangu, nikampa pole mjane, na nikaondoka kabla ya chakula. Jioni nilimpigia simu Masanja, mwenzangu wa banda lile, ambaye siku hizi anaishi na mifugo yake huko kusini upande wa Lindi, nikamsomea yale niliyoyakumbuka. Alicheka kidogo, kisha akasema, "Mtani, mtu ameshakufa. Mwache." Nikamjibu kwamba yeye nimemwacha, ila wasifu siwezi kuuacha. Vipaji vilivyoinuliwa vilikuwa viwili, chake na changu kidogo, na nilikuwepo siku vilipoangushwa.

Banda la Kilosa lilikuwa chumba kimoja kirefu cha matofali ya kuchoma nyuma ya soko. Zamani lilikuwa duka la ushirika. Ushirika ulipokufa, rafu zake za mbao zilibaki ukutani, na Bwana Mwinuka alizishusha, akaziweka juu ya matofali, zikawa mabenchi. Hivyo ndivyo mabadiliko yalivyotufikia sisi: mahali ambapo mama zetu walipanga foleni ya sukari na kukosa, sasa kila kitu kilikuwepo, na mlangoni alikaa mtu wa kupokea hela. Madirisha yalizibwa kwa maboksi ya televisheni ili mwanga usiingie. Chumba kilinuka jasho, vumbi la sakafu iliyonyunyiziwa maji, na mafuta ya mihogo ya Bi Mwanahawa, aliyekaanga kizingitini na kuona skrini yote kutoka pale alipokaa. Tulikula mihogo yake kwa chumvi na pilipili, juu ya kipande cha gazeti, na Masanja alikuja na maziwa ya mgando kwenye chupa ya soda, tukayapitisha kwa zamu. Nje, wazee wetu walikuwa wakipelekana kwa mtendaji wa kijiji kwa sababu ya ng'ombe kuingia kwenye mahindi. Wazee wa kwetu walikuwa wakulima, wazee wa Masanja walikuwa wafugaji waliotoka kanda ya ziwa. Ndani ya banda tulikuwa na utani wa makabila wa kutuokoa. Yeye aliniambia kila siku kwamba sisi tunalima bustani ya kuku, nami nikamwambia kwamba wao wakioa wanasahau jina la bibi harusi ila la ng'ombe wanalikumbuka.

Gemu lenyewe lilikuwa la aina ambayo mchezaji humlea mtu mmoja tangu akiwa hana kitu mpaka awe shujaa. Anatoka kijijini, anapigana na wanyama, anapata dhahabu, anapita kwa mhunzi kutengenezewa silaha, na mwisho anapanda mnara kupigana na zimwi lenye gamba. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza chetu kilikuwa cha kukaririshwa. Kadi ya kuhifadhia mchezo, tuliyoiita memori, ilikuwa moja tu na nafasi yake ndogo, kwa hiyo Bwana Mwinuka aliamua kwamba benchi zima litakuwa na shujaa mmoja. Mashine iliruhusu jina la herufi sita, tukamwita KILOSA. Kila aliyelipa nusu saa alimchukua KILOSA pale mwenzake alipomwachia, akamtembeza, akamhifadhi, akampokeza anayefuata. Sijasikia mahali pengine ambapo watu ishirini na zaidi walimlea shujaa mmoja kwa zamu, kama shamba la ujima.

Na ni kwa sababu hiyo tulifanya kosa ambalo mchezaji wa peke yake asingelifanya. Kila mmoja alikuwa na nusu saa tu, na hakuna aliyetaka kuimaliza akiua vinguruwe vya porini kwa silaha ya jana. Aliyeingia alikwenda moja kwa moja kwa mhunzi, akauza silaha aliyoikuta, akaongeza dhahabu iliyokuwepo, akanunua iliyo kubwa zaidi. Jumatatu KILOSA alishika shoka, Jumanne upinde, Jumatano rungu lenye miiba. Tukifika kwenye daraja lililolindwa na zimwi la mawe, tunapigwa. Tunarudi kwa mhunzi. Bwana Mwinuka akipita alitushauri tutafute silaha kubwa zaidi, naye ndiye aliyefaidika na kurudirudi kwetu. Bi Mwanahawa ndiye aliyeuliza swali lililostahili kuulizwa, huku akigeuza mihogo: "Huyu shujaa wenu kila siku ana kitu kipya mkononi na kila siku anapigwa. Hivi anajua kutumia hata kimoja?" Tulicheka. Tulidhani ni maneno ya mtu asiyejua gemu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo yasiyonipeleka popote, na sikuwa na hela ya kucheza kila siku, kwa hiyo muda mwingi niliangalia. Shujaa akipiga, namba iliruka juu ya kichwa cha mnyama. Silaha nayo ilikuwa na namba yake dukani. Ilinisumbua kwamba namba hizo mbili hazikufanana hata siku moja. Nikaanza kuziandika kwa chaki nyuma ya mlango. Upanga mpya, ulionunuliwa kwa dhahabu yote ya benchi, dukani ulionyesha arobaini, na ulipiga arobaini. Mkuki wa mwanzo, ule ambao KILOSA alianza nao na tukautupia mkobani kwa sababu haukuwa na bei ya kuuzwa, dukani ulikuwa kumi na tano, lakini Masanja alipoutumia ulipiga arobaini na tano. Masanja aliutumia kwa sababu hakuwa na hela. Alicheza dakika walizoacha wengine walipoitwa nyumbani, na kwa dakika tatu au nne huwezi kufika kwa mhunzi. Unaua vinguruwe vya karibu kwa kilichopo mkobani.

Kulikuwa na ukurasa mmoja kwenye gemu ambao hakuna aliyeufungua, kwa sababu haukuuza kitu. Ulikuwa na picha ndogo za silaha, na mbele ya kila moja mstari wa nyota. Shoka nyota mbili, upinde mbili, upanga moja, rungu moja, mkuki tatu. Nilikaa na namba zangu mpaka zikakubali: nguvu ya silaha unaizidisha kwa nyota alizonazo shujaa katika aina hiyo ya silaha, na nyota haziuzwi. Zinakuja kwa kupiga, na kupiga, na kupiga kwa silaha ya aina ileile. Sisi tulikuwa tukimnunulia KILOSA silaha na kumwacha hana mkono. Baadaye nikagundua la pili. Mhunzi alipachika vito kwenye silaha, na kimoja kiliitwa cha kasi. Tulikipachika kwenye upanga, hakikufanya kitu, tukaona tumeibiwa. Tulipokihamishia kwenye mkuki nacho kikakaa kimya, mpaka siku mkuki ulipofika nyota ya tano, na pigo moja likawa mawili. Kito hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinangoja mkono uwe tayari.

Nimekuwa fundi wa pampu na mota kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila nilichojifunza nimejifunza kwa vitabu vya kuazima na kwa kufungua vitu. Naweza kusema kwamba somo la kwanza lilikuwa nyuma ya mlango ule. Na ninasema kwa hasira kwamba sijaliona likieleweka na wakubwa. Mwaka uleule, shamba moja la mkonge upande wa Kimamba lilipata mwenye mali mpya. Alileta mashine mpya za kuchakata, akawaachisha wazee waliokuwa wanajua mashine kwa kuisikiliza. Mashine zilisimama, zikaota kutu zikiwa na rangi yake ya dukani. Tangu hapo nimeona matrekta, kompyuta za shule na pampu kubwa kuliko visima vyake, vyote vikizinduliwa kwa utepe na kuachwa bila mtu aliyefundishwa. Wanaangalia namba ya dukani. Ukurasa wa nyota hawaufungui.

Kulishawishi benchi ilikuwa kazi kuliko kupata hesabu. Waliniuliza kwa nini mtu alipe nusu saa akaue nguruwe kwa mkuki wa kitoto. Masanja ndiye aliyewaambia kwamba wamelipa tangu mwaka jana ili wapigwe darajani, wajaribu sasa kulipa wasipigwe. Tulikubaliana: anayemchukua KILOSA ashike mkuki, dhahabu isiguswe, na mhunzi aendewe tukiwa wote. Ajabu ni kwamba kila mtu alitii. Nyota ya nne, ya tano, ya sita. Zimwi la daraja lilianguka siku ya mnada, banda limejaa, na Bi Mwanahawa aliacha karai lake akaja kusimama ndani. Mhunzi aliurefusha mpini wa mkuki, akaunoa, akapachika kito cha pili kando ya kile cha kasi, ukafika nguvu arobaini. Mvua za vuli zilipokaribia, mkuki ulikuwa na nyota tisa. Nakumbuka tulivyoketi kuuangalia ule mstari, bila kucheza, dakika nzima ya muda wa kulipia.

Benchi lilimchagua Masanja acheze siku ya Mikumi. Alikuwa na vidole vyepesi kuliko sisi, lakini sababu ya kweli tuliijua wote. Baba yake alikuwa amechoka na kesi za mahindi na alikuwa anahamisha ng'ombe kwenda kusini kabla ya vuli. Jioni moja nilikuwa kwao, tumekaa nje ya nyumba tunakula ugali na mlenda, wazee wakizungumza Kisukuma upande wa pili wa uwanja. Sikuelewa ila jina la Masanja lililotajwa mara kwa mara, na yeye alikuwa ameacha kutafuna. Njiani alinieleza. Baba amesema, ukiwa na kazi siku tunapotoka, baki. Ukiwa huna, chukua fimbo. Masanja hakudharau ng'ombe, na siwezi kumsemea kwamba aliwadharau. Alitaka kubaki mahali penye umeme, ajifunze ufundi wa redio na televisheni, na alikuwa ameshamwomba fundi mmoja wa Mikumi amkalishe karibu yake saa za mapumziko. Yote hayo yalining'inia kwenye neno moja la Bwana Mwinuka.

Mimi na Masanja tulisafiri siku moja kabla, tukiwa nyuma ya pikapu, tumeshikilia televisheni mbili zilizofungwa kwenye magodoro, memori ikiwa mfukoni mwa Bwana Mwinuka, kwa barabara ya vumbi kupitia kijiji cha Ulaya. Mikumi ilikuwa na kelele kuliko Kilosa. Malori ya kwenda Iringa na Zambia yalisimama mchana kutwa, madereva wakashuka kula nyama na kunyoosha miguu, na Bwana Mwinuka alikuwa amekodi chumba mkabala kabisa na maegesho yao. Ndani tulimkuta mpwa wake, Joeli, kijana wa Dar es Salaam mwenye miwani ya jua juu ya paji la uso. Tulimsalimia, akaitikia akiwa anachomeka nyaya. Mchana Bwana Mwinuka alitutuma kubeba mabenchi kutoka kwa seremala, na tuliporudi tulipitia kwa mama lishe tukala wali na maharage kwa hela zetu. Tulikuwa na furaha. Masanja alikuwa ameshachungulia chumba cha uani na kuniambia kitanda atakiweka upande gani.

Tuliporudi, KILOSA alikuwa amesimama kwenye skrini na upanga. Ulikuwa mrefu kuliko yeye, wa rangi ya dhahabu, unatoa cheche. Mkobani hakukuwa na mkuki. Hakukuwa na vito. Hakukuwa na dhahabu. Joeli alieleza kwa utulivu kwamba mhunzi anaweza kuyeyusha silaha nzuri na vito na dhahabu yote kupata upanga mkuu, na kwamba ameshahifadhi. Kuhifadhi kwenye kadi ile kulikuwa kufuta ya zamani. Nilitazama ukurasa wa nyota: mkuki tisa, upanga moja. Masanja alikaa chini sakafuni. Nilikwenda nje kumtafuta Bwana Mwinuka, nikamsalimia shikamoo kwa mara ya pili siku ile kwa sababu sikujua nianzie wapi, na nikamweleza. Nilimwandikia hesabu mchangani kwa kijiti. Aliniacha nimalize.

"We Shabani," alisema, "nimewapa upanga wa dhahabu, mnanililia mkuki? Dereva wa lori hatashuka kuangalia mkuki. Kesho kila atakayetaka upanga kama huu, Joeli atamtengenezea kwa malipo. Hiyo ndiyo biashara ya Mikumi. Waambie watu waone unavyong'aa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakufanya kosa. Aliuza silaha, na alihitaji mkono wa kuinyanyua watu waione. Mkono wenyewe ulikuwa umelelewa na watu ishirini kwa miezi, yeye hakujua na hakutaka kujua.

Siku ya ufunguzi watu walijaa mpaka nje, madereva na matingo wao, wauza nyanya, walinzi wa nyumba za wageni. Masanja alikuwa amefanya jambo moja asubuhi. Aliuza dawa za KILOSA, karibu zote, na kwa fedha hiyo akanunua dukani mkuki wa bei ya chini kabisa, ule wa nguvu kumi na tano, akauweka mkobani. Aliniuliza kama inatosha. Nilifanya hesabu. Zimwi la mnara lina uhai elfu tano, na gamba lake linapunguza hamsini kwenye kila pigo. Mkuki wetu ulioyeyushwa ungepiga arobaini mara tisa, utoe gamba, na mara mbili kwa sababu ya kasi: mapigo tisa yangemaliza kazi. Mkuki huu wa dukani ungebakiza themanini na tano, bila kasi, kwa sababu vito havipo. Ungehitaji mapigo karibu sitini, na dawa zilikuwa tatu. Nilimwambia inatosha ukikosea mara chache sana. Alisema sawa.

Bwana Mwinuka aliagiza aanze na upanga. Akaanza nao. KILOSA aliinua kile chuma kinachong'aa, watu wakasema aah, akapiga, na juu ya kichwa cha zimwi ikaruka namba kumi. Akapiga tena. Kumi. Nguvu sitini, nyota moja, toa gamba. Dereva mmoja mnene aliyekaa mbele, mwenye kikombe cha chai, alimuuliza Masanja kama upanga huo umetengenezwa kwa karatasi ya sigara. Mwingine akasema dogo anampapasa, hampigi. Kicheko kilikwenda mpaka barabarani. Zimwi lilimpiga KILOSA, uhai ukashuka nusu, Masanja akatumia dawa ya kwanza. Nilimwona akimtazama Bwana Mwinuka, ambaye alimwonyesha kwa kidole aendelee. Akapiga mara nyingine, kumi. Akanywesha dawa ya pili. Kisha alifungua mkoba, akaweka upanga chini, akashika mkuki.

Themanini na tano. Dereva mnene akakishusha kikombe. Themanini na tano. Hakuna aliyecheka tena, kwa sababu hata asiyejua gemu anajua namba ipi ni kubwa. Masanja alipiga na kurudi nyuma, akapiga na kurudi, bila papara, kwa muda ambao kwangu haukuwa na mwisho. Dereva yule aliniinamia akaniuliza inakuwaje kijiti kinashinda dhahabu. Nikamweleza kwamba shujaa huyu amefundishwa mkuki, upanga hajafundishwa, na ukimpa mtu silaha asiyoijua umempa mzigo. Nilisema kwa sauti ya kawaida, lakini chumba kilikuwa kimya na kila mtu alisikia. Dereva akatikisa kichwa, akasema, "Kama gari. Nimewaona wengi wenye gari jipya wakiishia mabondeni kwenye mteremko wa Kitonga." Dawa ya tatu ilikwisha. Uhai wa KILOSA ulikuwa mstari mwekundu usiozidi upana wa ukucha zimwi lilipopiga magoti, likavunjika vipande, na maandishi ya mwisho yakaanza kupanda kwenye skrini. Watu wasiotujua walimbeba Masanja mabegani. Alikuwa analia na kucheka, na bado ameshika pedi ya kuchezea, mpaka waya ukang'oka kwenye mashine.

Joeli alikuwa ameweka kibao mezani cha bei ya kutengenezewa upanga mkuu. Hakuna aliyekwenda mezani. Watu walitaka kujua nyota zinapatikanaje, na jibu la swali hilo halikuwa na bei. Jioni, wageni walipopungua, Bwana Mwinuka alituita uani, mlangoni mwa kile chumba chenye kitanda.

"Umeniharibia biashara, kijana," alimwambia Masanja. "Wewe na huyu mwalimu wako."

Nilimkumbusha kwamba alisema atakayemaliza gemu mbele ya wageni, na Masanja amemaliza.

"Nilisema amalize. Sikusema aidhalilishe mali yangu. Kwanza huyo shujaa ni wa nani? Kadi ya nani? Mashine ya nani?" Alitoa funguo mfukoni, akampa Joeli mbele yetu. "Mtu wa kusimamia duka anatakiwa asifie kinachouzwa."

Masanja alimtazama mzee yule moja kwa moja usoni, jambo ambalo hatukulelewa kulifanya, kisha akainama akachukua mfuko wake. Mimi nilisema. Nilisema kwamba ametudanganya, kwamba amechukua kazi ya watu ishirini akaiyeyusha ili ing'ae, na kwamba hajui hata alichokiharibu. Aliniambia niwe na adabu. Nina karibu umri aliokuwa nao siku ile, nimeyapima maneno yangu mara nyingi tangu wakati ule, na sioni neno moja la kuondoa. Banda la Mikumi lilifungwa kabla ya mwaka mwingine kuisha, kwa sababu Joeli alijua kuuza na hakujua kutengeneza hata pedi iliyokatika waya. Hilo halikumsaidia Masanja. Wiki iliyofuata baba yake alitoka na ng'ombe kabla jua halijachomoza, na Masanja alikuwa nyuma ya kundi na fimbo. Alipita sokoni makusudi. Bi Mwanahawa alimfungia mihogo ya moto kwenye gazeti, akamwambia asiifungue mpaka avuke mto, na akaingia ndani haraka. Miaka iliyofuata Masanja alijifunza redio mwenyewe, kwa kufungua ya baba yake, na anatengeneza za majirani mpaka leo. Hajawahi kukaa karibu na fundi aliyemwomba.

Ningeweza kuishia hapo, lakini wasifu uliosomwa makaburini ulisema pia kwamba marehemu alikuwa mkarimu, kwa hiyo sina budi kueleza tulivyotoka Mikumi. Tulipokuwa tumefika nje na mifuko yetu, Joeli alitufuata mbio barabarani. Nilidhani mjomba wake ameona haya, amemtuma atuite. Alisema ametumwa kuchukua hela ya muda. Masanja alikuwa ametumia mashine saa moja na nusu, na kwa bei ya Mikumi hiyo inalipiwa kama mtu mwingine yeyote. Nilimuuliza kama anatania. Alitazama chini, na nadhani aliona aibu, lakini mkono wake ulibaki umenyooshwa. Masanja alitoa mia mbili, ambayo ndiyo yote aliyokuwa nayo, nami nikamalizia mia tatu kutoka kwenye nauli, tukashushwa Ulaya na kutembea hadi Kilosa. Kazi aliyoishinda ilimgharimu shilingi mia tano.